Haibiskasi Zangu Hazitoi Hata Ua Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijashika jembe, maana kuna swali linanikosesha raha, mimi ni kinyozi, miaka ishirini na sita nasimama nyuma ya kiti, na mke wangu alipovunjika nyonga nikamhamishia kitanda chumba cha mbele penye dirisha, nikapanda haibiskasi tatu pale chini ili apate cha kutazama, nikazimwagilia, nikazitilia samadi, na kila Jumapili nazipunguza ncha zikae duara safi, hazipiti goti, wapita njia wanasimama kuzisifu, lakini miezi saba sasa hata ua moja sijaliona, na jirani yangu fundi viatu, niliyemgawia mche wa nne kutoka kitalu kilekile, yeye humwagia maji siku akikumbuka, wake umefurika maua mpaka njiani, na mke wangu akigeuzwa upande wa dirisha anafumba macho, juzi nikamuuliza, "Mama watoto, nikupandie nini?" akanijibu, "Panda unachopenda, baba, ni bustani yako," neno hilo limenichoma, naogopa anakata tamaa ya kuinuka, je, ning'oe niweke asumini au bogenvilia, au nina mkosi?

Kinyozi wa watu

JIBU

Kinyozi, mkosi huna, ni kazi yako imekufuata nyumbani. Haibiskasi huchanua kwenye ncha za matawi machanga, na hizo ndizo unazozinyoa kila Jumapili! Fundi viatu hana mkono wa baraka, ana uvivu tu, na uvivu wake umemfaa.

Nilicheka, nakiri. Kisha nikarudia kusoma pale uliposema hazipiti goti, nikaacha kucheka. Dirisha lako liko juu kiasi gani? Pole sana kwa kuuguza, naona ulivyohangaika, lakini hebu niambie, tangu umhamishe mama, umewahi kuweka kichwa chako kwenye mto wake ukatazama nje? Aliyelala haoni kilichoko magotini. Miezi saba anatazama mawingu na labda kamba ya kuanikia nguo, huku akisikia wapita njia wakikusifu wewe kwa vichaka asivyoviona. Ungekuwa wewe usingefumba macho?

Using'oe kitu. Ziache zirefuke zipite ukingo wa dirisha, na mkasi uzione mara moja tu kwa mwaka. Bogenvilia ina miiba, ipeleke kwenye uzio. Asumini inafaa, harufu yake itamfikia hata akiwa amefumba macho, ila itahitaji fito za kutambalia.

Lakini leo usinunue chochote. Nenda ukalale kwenye mto ule, tazama anachokiona, umuombe radhi, halafu umuulize tena anataka nini, na safari hii unyamaze mpaka ajibu. Akisema anataka mahindi, panda mahindi.