Wa Kunikata ni Binti Yangu

Muleba, 3 Juni 2024

Annastella binti yangu,

Hujambo na kazi huko Bukoba? Sisi tu wazima, ila macho. Juzi nimechuma kahawa mbichi nikidhani imeiva. Shangazi yako Immakulata amenicheka mpaka kanisani. Madaktari wa macho wamekuja parokiani, wakaniambia ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, wanikate. Nimewakatalia. Nimewaambia binti yangu anafanya kazi hiyo hiyo mjini, wa kunikata ni yeye. Likizo yako lini? Nimeandika mwenyewe, usishangae mistari kupanda mlima. Avit anayeleta ndizi huko mjini atakuletea barua hii.

Tata yako

Bukoba, 6 Juni 2024

Tata, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijakaa. Shangazi, wewe unayemsomea, soma yote, usiruke.

Tata waitu, baba yangu mpenzi, mimi sikati macho. Ninapima na kuandikia watu miwani. Mwenye mtoto wa jicho namtuma kwa daktari wa upasuaji. Siku ya sherehe yangu ya kuhitimu uliposema mbele ya watu kwamba nitawakata wote, nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Nimekosa. Hao madaktari wanaondoka tarehe 12. Nenda. Ukinisubiri mimi utakuwa kipofu.

Mwanao Annastella

Bukoba, 15 Juni 2024

Tata, shikamoo. Mmeamkaje hapo nyumbani?

Simu haipokelewi. Avit anasema barua alimpa shangazi mkononi, zaidi hajui. Leo nimempima mzee mmoja wa Kanazi mara tatu, kila mara nasahau namba zake. Kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa umeshakatwa. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Muleba, 24 Juni 2024

Annastella,

Za kazi? Mimi mzima. Shangazi yako alisoma yote, na pale unaposema ulinyamaza alirudia mara mbili. Nilikasirika siku tatu, ya nne nikaenda. Jicho la kulia tayari, la kushoto wakirudi.

Kitu cha kwanza kusoma ni cheti chako. Kinaning'inia sebuleni mwaka wa tano huu. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la kupima nalijua, na la kukata halimo. Basi ulishaniambia tangu siku ile. Ni mimi nilikuwa sioni, hata wakati ule, nikaona haya kusema. Lakini na wewe! Umepima wilaya nzima, baba yako hujampima hata siku moja.

Daktari anasema sasa nahitaji miwani ya kusomea, akataka anipime pale pale. Nimemkatalia. Nimemwambia kazi hiyo ina mwenyewe.

Likizo yako lini?

Tata yako