Vitabu Vitatu vya Shangazi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mafua ya hapa na pale. Goti lako je?

Nilipokuwa nahama nyumba nilivikuta vitabu vyako vitatu vya Nchi ya Chini ya Ziwa. Niliogopa kuvifungua. Nilivipenda mno nikiwa na miaka tisa, nikahofia nitavikuta vimepungua. Nimevimaliza kwa siku nne, hapa maabara tunapotengeneza meno ya bandia, kila plasta inapokauka. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza nani kafa, maana alinikuta nalia.

Utotoni nilimpenda binti mfalme na samaki wake anayesema. Safari hii aliyenikamata ni mama yake: anamfungulia binti mlango aende zake, kisha anarudi jikoni kuosha sufuria ambayo tayari ni safi. Sentensi moja tu, na zamani niliiruka. Uliwezaje? Na mbona cha nne hakikuja?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Ile sufuria niliiandika nimechoka, baada ya kuchapa barua za wakubwa ofisini kutwa nzima. Cha nne nilikifikisha nusu. Mchapishaji alikirudisha na mstari mmoja: "Hadithi za vitoto, soko limekwisha." Nikamwonyesha baba yako. Akacheka, akasema afadhali, sasa nitapata nafasi ya kuolewa. Nikazifungia kurasa kwenye sanduku la nguo.

Hayo yamepita. Usinivike kilemba cha ukoka, nimeshazeeka.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sikuviki kilemba chochote. Katika kitabu cha pili farasi ni mweupe ukurasa wa arobaini, na ukurasa wa sitini ni mweusi. Vita vya mwisho vinachosha. Umeridhika?

Lakini yule mchawi ulimpa sababu ya ubaya wake, na bado hukumsamehe. Nimesoma vitabu vinene vya watu wazima vilivyoshindwa hapo.

Nilimuuliza baba kwa nini alicheka. Akasema: "Nilikuwa namwonea wivu. Dada yangu alikuwa na mahali pa kwenda. Mimi nilikuwa na karakana tu." Alinikataza kukuandikia haya. Nimeandika.

Mwanao

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Karibu miezi miwili sijapata neno, na simu inaita tu. Kama ya baba yamekuumiza, nisamehe. Niambie tu kwamba u mzima.

Mwanao

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na sikununa. Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Mende wamekula sura ya tatu, na kusema kweli wamechagua vizuri. Zilizobaki zilikuwa ovyo, niliziandika kwa woga. Nikaanza upya. Simu naifunika kwa mto.

Baba yako alikuja Jumapili moja. Alikunywa chai, akazungumzia bei ya mabati, ya zamani hakuyagusa. Alipoinuka kuondoka akauliza kwa sauti ya chini wale watu wanapumuaje chini ya ziwa. Hapo ndipo nilipojua hajawahi kusoma hata kimoja. Nikampa nakala yangu ya cha kwanza. Jumapili iliyofuata alirudi, anataka cha pili.

Nakutumia kurasa kumi na nne. Usinisifu. Weka alama pale unapochoka.

Shangazi yako,
mwandishi