Tata, Haikuwa Funza

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye uliyenilea nisimpite baba bila kumsalimu.

Nakukumbuka barazani kwetu Kibingo, mguu umeuegemeza kwenye gogo, mama anachokonoa kidoa cheusi kisiginoni kwa pini. Kwetu doa jeusi unyayoni huwa ni funza, basi. Ulicheka, ukaniambia, "Usiogope, ananitekenya tu." Kidoa kikarudi kikiwa uvimbe. Mjini wakaukata, nyama ikatupwa, wala hakuna aliyeuliza ni uvimbe wa aina gani. Mwaka haukuisha tukakuzika kibanjani, kati ya migomba yako. Nina hasira na nyama ile iliyotupwa mpaka leo.

Siku hizi nipo maabara ya hospitali huku Mwanza. Uvimbe wa ngozi hudanganya macho, Tata. Miwili hufanana kabisa, kumbe mmoja, wa seli za mishipa ya damu, unatibika kwa dawa za dripu, na mwingine, wa seli zinazotia ngozi rangi, unataka kisu haraka. Ila seli hubeba alama kwenye utando wake wa nje, kila aina na zake. Tunadondoshea kipande cha uvimbe dawa inayotafuta alama moja tu. Ikiikuta inanasa, na chini ya hadubini unaona rangi ya kahawia.

Mwezi uliopita dada yako, shangazi Koku wa Nkwenda, alitokewa na uvimbe mweusi unyayoni. Majirani walishaleta pini, na alikokwenda kutibiwa walishamwambia mguu ukatwe. Nikapiga simu: hakuna kuchokonoa, hakuna kukata mguu, mpaka kipande kidogo cha uvimbe kinifikie.

Akafoka, unamjua. "Mwana wange, ninyi mkikaa mnachungulia, ndizi zangu nani atazivuna?"

"Shangazi, vumilia. Safari hii hatubahatishi."

Jana nilikipaka dawa kipande chake mwenyewe. Dawa ya alama ya seli za mishipa ya damu ikanasa, kahawia tupu. Ile ya seli zinazotia ngozi rangi haikunasa hata kidogo. Daktari akatazama, akathibitisha: ni ule wa dripu.

Nikampigia shangazi. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo mguu ni wangu?"

"Ni wako, shangazi."

Uvimbe wako wewe sitaujua kamwe ulikuwa upi, na inaniuma. Lakini maadamu nina macho, hakuna wa ukoo wetu atakayezikwa tena bila sisi kujua kilichomuua.

Lala, Tata. Vipande vya watu vinaningoja mezani.

Kifungua mimba wako