Honi Nyuma ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Reli hii isingekuwepo bila mimi. Mhandisi mkuu alisimama hapahapa uani kwangu akaniuliza, bwana, tupitishe wapi? Nikamwonyesha kwa kidole! Na shukrani yenyewe ndiyo hii: treni inapita nyuma ya nyumba inanipigia honi kama mbuzi. Paaa! Paaa! Nilikuwa naziba sufuria ya jirani, nyundo ikatua kidoleni. Mke wangu anasema mimi nagonga masufuria mchana kutwa, kelele nimlalamikie nani. Huyu mwanamke ananitafuta.

Jumanne, 5 Machi
Tena! Nimetoka nikamporomoshea dereva matusi ya kung'oa mataruma ya reli. Akanipungia mkono — anacheka! Mpwa wangu alikuwa kwenye kamba anaanika shuka, hata hakushtuka. Nimemlea tangu dada yangu afariki. Ujasiri kautoa kwangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda stesheni. Nikapiga meza ya mkuu wa stesheni, jengo zima likatikisika. Akasema pale kwangu hapana kivuko wala kona, dereva hana sababu ya kupiga honi. Halafu akacheka: "Mzee, kwako kuna binti?" Nikamwambia achunge mdomo wake.
Nimerudi nikamkuta mpwa wangu anaanika tena shuka ileile, nikaishika. Kavu! Na honi ilikuwa bado. Mtoto anaanika shuka kavu!

Alhamisi, 7 Machi
Nimewaka. Nimemuuliza mpwa wangu, hakukataa. "Mjomba, anataka kuja Jumapili na wazee wake." Waje! Nitamfokea huyo dereva mpaka asahau breki iko wapi! "Mjomba, tafadhali, usiniaibishe."
Mke wangu alijua. Mtaa mzima ulijua. Ni mimi peke yangu niliyedhani napigiwa mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Honi. Sisemi na mtu.

Jumapili, 10 Machi
Wamekuja. Kijana mrefu, kanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mjomba." Nikachelewa kuitikia, ajue yuko kwa nani. Baba yake mdogo akasema: wanamtaka binti yetu, na kijana kahamishiwa mwisho wa reli, wataishi huko. Mwisho wa reli! Huko hata barua inachoka njiani! Nikasimama. Matusi yote nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa. Mpwa wangu yuko mlangoni na sinia, vikombe vinagongana.
Kijana akauliza, taratibu, "Mjomba, ile honi inakukera?"
Mke wangu anatazama dari.
Nikasema, honi gani, baba? Mimi sijasikia honi.
Baba mdogo akasema basi, tupe neno lako. Nikajibu naingia chumbani kuvaa viatu. Ndipo nilipo. Mke wangu anagonga mlango, anasema chai ya wageni inapoa, nimekufa humu?
Viatu viko miguuni tangu asubuhi. Ni macho yanayonichelewesha.