Maji Niliyokataa Kukuletea

Baba mpendwa,

Natumaini posta ya Tororo haitaichelewesha barua hii kama ile ya Krismasi, na kwamba inakukuta mzima. Kifua cha mama kinaendeleaje? Kukhu, mama yako, bado analima mwenyewe? Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha jeshini ili usihitaji mtu wa kukusomea. Wasomee wa nyumbani mwanzo huu na zile salamu za mwisho. Katikati ni yako peke yako.

Mimi sijambo, hapa chuoni Marekani baridi imepungua. Kila Jumamosi nampigia taipu mzee mmoja aliyekuwa jenerali. Anaandika maisha yake, na sasa nayajua yote: mtoto wa mkulima wa ngano aliyeingia chuo cha kijeshi na viatu vya kuazima, vita vya kwanza, Ufaransa, kisha miaka mingi bila kupandishwa cheo, akifundisha vijana kulenga shabaha, vita vya pili, Italia, ndipo akapata nyota ya ujenerali, halafu Korea, na kustaafu. Naweza kukutajia kila kilima alichokipigania.

Mwezi uliopita maandishi yetu yalifika kwenye mto mmoja wa Italia. Alivusha vijana wake pale na wengi hawakurudi. Alianza mara tatu, na mara tatu akaichomoa karatasi kwenye mashine. Ili kumpumzisha nikamwambia baba yangu alipigana Burma. Akauliza kikosi gani. Sikujua. Akauliza ulirudi lini, na wangapi mlirudi pamoja. Sikujua hata kimoja, Baba. Kwa aibu nikamwambia nilichokijua: kwamba kwetu aliyeua vitani hutakaswa langoni, na kifungua mimba wake ndiye humpa maji ya kunawa kabla hajavuka.

"Na wewe ulimpa?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatazama dirishani. "Mimi walinifanyia gwaride," akasema. Kisha akanitajia maneno, nami nikapiga kwa vidole vyangu ukurasa mzima kuhusu askari wa Kiafrika na binti yake aliyemletea maji.

Wewe unajua ilivyokuwa. Uliporudi vitani padre alisema kuungama kunatosha, ukatii. Ndoto za vita zilipozidi, Kukhu akatafuta kondoo wa kukutakasa, wazee wakaja, nawe ukasimama nje ya lango lako tangu asubuhi kama mgeni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekuja likizo kutoka shule ya masista, kipaimara kikiwa bado kibichi kichwani. Nikasema mbele ya wote kwamba hayo ni mambo ya kishenzi, nikaenda kanisani. Mwingine hakuruhusiwa kukishika kibuyu cha maji. Kondoo akarudishwa. Ukahamia jikoni ili ndoto zako zisiwaguse wadogo zangu, na mpaka leo, naambiwa, unalala huko na kula peke yako. Hukunigombeza. Shule zilipofunguliwa ulinibebea sanduku mpaka barabarani.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Jenerali kweli. Nilitegemea anifukuze. Aliutoa ukurasa ule katikati ya nyingine, akaukunja mara mbili.

"Baba yako yu hai?"

Nikasema yu hai.

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Baba, nilikudhulumu, na nikaja huku kujisifia kwa mgeni jambo nililokunyima. Bado nasali, sijaacha. Lakini sioni tena kwamba maji yale yangemuudhi Mungu. Narudi mwezi wa saba, masomo yakiisha. Nisimame langoni na maji au nisisimame, ni wewe wa kusema. Na ukipenda, niambie pia ulikuwa kikosi gani.

Msalimie mama, ndugu yangu Wandera, shangazi aliyeolewa Kiyeyi, na mwalimu wa Dabani aliyenishikisha kalamu. Kukhu mwambie, mbele ya wote, amtume Wandera aniandikie maji hayo huchotwa wapi, na anayeyatoa husema nini. Siku ile sikungoja kuambiwa.

Kifungua mimba wako,
Nabwire