Gari Lako Sasa Lina Kiyoyozi

Tata, baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee maneno ya kanisani.

Mdogo wangu Mwita amelitia gari lako kiyoyozi. Ndivyo anavyojisifu huko Mwanza. Aliyekifunga ni mimi, Ghati wako, hapahapa gerejini kwangu Bomani. Alikuja nalo mwezi uliopita, akashuka anajifuta jasho, akasema, "Dada, maharusi wanaolikodi hawataki vumbi. Toboa popote unapotaka." Toboa popote, Tata. Gari la zamani hivi, gea bado iko kwenye usukani, na wewe ulikataa hata redio mpya kwa sababu ingehitaji tundu la skrubu.

Nilitaka kumfukuza. Lakini angelipeleka kwa mafundi wa stendi, wangeikata dashibodi kwa msumeno. Basi nikafunga mwenyewe. Siku nzima nilitafuta pa kupitisha mipira ya gesi, mwishowe nikaipitisha kwenye matundu ya ile hita mbovu uliyoing'oa. Kompresa imekaa kwenye chuma nilichochomelea kwa mkono wangu. Rejeta nimeweka kubwa zaidi, injini isije ikachemka. Sijatoboa hata tundu moja. Kazi ni nzuri, na inaniuma kwamba ni nzuri.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Nyambureti kwa bibi, vioo vyote chini, tunafika nywele nyekundu kwa vumbi? Nikilalamikia joto unaniambia, "Hewa ya Mungu haijazwi gesi. Sikiliza injini." Ndivyo nilivyojifunza ufundi, kichwa nje ya dirisha. Na ni kwenye njia hiyohiyo ndipo uliponiambia, si mara moja, "Ghati, hili ni lako. Mwita hajui hata kubadilisha plagi."

Uliniambia mimi peke yangu. Wewe Mkurya mzima, unajua neno la mzee juu ya mali yake husemwa mbele ya ukoo, halafu unaninong'oneza garini kana kwamba unanipa pipi. Tulipomaliza kukuzika wazee wakakaa kikao. Nikasimama, nikasema ulichoniambia. Baba mkubwa akauliza, "Nani mwingine alisikia?" Nikasema tulikuwa wawili tu garini. Akasema binti ni wa kwa watu, gari ni la mtoto wa kiume. Miaka kumi na tano ya grisi chini ya gari hilo ikaishia hapo.

Nilipokiwasha hicho kiyoyozi nilikaa kiti changu kilekile cha abiria, nikapandisha vioo. Baridi safi kabisa. Injini siisikii. Nikalia, na sikulia kwa kukukumbuka. Nililia kwa sababu uliwaogopa ndugu zako, na mzigo wa woga wako nimeubeba mimi.

Jumapili niliwaita baba mkubwa, shangazi na majirani wawili, nikawapikia chai. Nikawaambia gereji hii na spana zote ni za binti yangu Robi, na nikawaomba waweke sahihi kwenye karatasi. Baba mkubwa alikunja uso, lakini aliweka. Chai ilikuwa haijapoa. Ungeweza, Tata. Ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Kusamehe bado. Lala salama. Kabla ya mvua nitakuja Nyambureti kupalilia kaburi lako, nakuahidi.

Nitakuja kwa basi.

Ghati