Tanuru la Baba Mkwe

Jumanne, 9 Januari

Fundi Gaétan kapanda kutoka chini ya nyumba, hata kahawa hakuitaka. Tanuru la kupashia nyumba joto limepasuka ndani. Moshi wake ungetuua usingizini. Kalizima — basi! Miaka sitini lilinguruma hapo chini.

Mume wangu Normand kanuna. Ni baba yake aliyelijenga humo.

Hesabu ya Gaétan: tanuru jipya dola elfu nane, na mafuta yatatula elfu nne kila majira ya baridi. Pampu ya joto, mashine ya umeme ya kutundika ukutani, elfu kumi na mbili, serikali inarudisha nne. Umeme wake haufiki elfu mbili. Hakuna cha kubishana.

Binti yetu Colette kasema kwenye simu bila kuzunguka: tukitetemeka tena kama mwaka jana, tunahamia kwake Caribou, na nyumba iuzwe. Nyumba hii! Nife kwanza.

Alhamisi, 11 Januari

Tunaishi jikoni, kwenye jiko la kuni. Leo nimesimama sebuleni juu ya wavu wa chuma wa sakafuni, lilipokuwa likitoka joto la tanuru. Baridi tupu. Wanangu wanne walivalia hapo kila asubuhi, wakisukumana, gauni za kulalia zimetuna kama puto, nami jikoni nageuza nyama nikiwafokea. Colette ndiye aliyekuwa habanduki. Nimelia. Jamani, siku zile!

Normand kaja nyuma yangu.

"Léonie, mwite Gaétan. Alete hiyo pampu yake."

Imemuuma kusema. Nimempenda upya.

Jumamosi, 20 Januari

Pampu iko ukutani. Haingurumi, hainuki mafuta. Hewa vuguvugu tu, kutwa. Normand kasema inapumua kama mgonjwa. Lakini joto limefika hadi chumba cha watoto! Gaétan kasisitiza: iacheni kwenye joto hilohilo usiku na mchana, msiichezee.

Jumapili, 21 Januari

Baridi ya kupasua mbao. Tumeamka tunaona pumzi zetu! Normand aliipunguza joto kabla ya kulala. Ndivyo bonde hili zima tulivyolelewa: aliye chini ya blanketi hana haja ya moto. Tanuru lingerudisha joto kabla kahawa haijachemka. Hii inajikokota. Sikumgombeza, mazoea yana taabu.

Tuko kitandani na makoti, soksi mbilimbili. Anasimulia mama yake alivyowafungia matofali ya moto kwenye taulo, wakalala nayo miguuni. Tumecheka sana. Nisingetaka kuwa popote pengine.

Simu. Colette anauliza kama nyumba ina joto.

"Tele, mwanangu. Baba yako kavaa shati la mikono mifupi."

Kafurahi. Kasema misa imekwisha, yuko hapo kanisani kwetu, anapita sasa hivi kunywa kahawa.

Normand yuko mbele ya pampu, anabonyeza kila kitu. Kisha naona anavua koti. Anavua na sweta! Mzee wa miaka sabini na nane, na gari linakata kona uani —